Mkonga Utafungwa Baadaye

Mfyuu! Jingine hilo limepita, mmeliona? Range Sport nyeusi, vibao vya namba bado vipya, rimu za inchi 20, juu keria ya chuma na taa ndefu ya LED kutoka upande hadi upande. Mwenyewe alisimama hapa juzi akatuambia akishafunga mkonga tu, lile bomba la kuvutia hewa ya juu, anakwenda Ziwa Natron. Nikamuuliza, kaka, matairi yako ni ya namna gani? Akasema hajui, gari lilikuja nayo kutoka Japani. Springi za upepo zimekaguliwa? Akasema hakuna taa yoyote inayowaka kwenye dashibodi. Nikanyamaza, maana alikuwa na furaha, na furaha ya mtu aliyenunua gari kwa jasho lake si ya kuivuruga barabarani. Lakini jambo hilo limenikaa kooni, na leo nalitoa lote.

Kinachoniuma ni kwamba hapa ni Arusha. Mtu wa mji mwingine akikosea kuandaa gari la njia mbaya unamwelewa, hana wa kumuuliza. Sisi kila alfajiri magari ya utalii yanatupita yakielekea Tarangire, Manyara na Ngorongoro. Madereva wake ni hawa hawa tunaokunywa nao kahawa. Mafundi wanaokata chesisi ya Land Cruiser, wakairefusha, wakaongeza safu ya viti na kufungua paa, tunaishi nao mtaa mmoja. Hanspaul wanajenga bodi hizo hapa hapa mjini. Chalii wa Arusha anaupita ujuzi wote huu mlangoni kwake, anakwenda kutazama kwenye simu picha za watu wa Dubai wanaoruka vilima vya mchanga, kisha anamfuata fundi na picha mkononi: nifungie kama hili.

Litazameni basi gari lenyewe la utalii likisimama hapa. Kipi kinang'aa? Hakuna. Mengi yana ile injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta. Nyuma springi za mabamba. Matairi marefu membamba, 7.50 kwa rimu ya 16, yenye ubavu mnene, na spea mbili zimefungwa nyuma. Kinachoweza kuharibika, dereva anakifungua kwa spana akiwa Engaruka na anaendelea na safari. Hakuna aliyeyapanga hayo kwa ajili ya picha. Yamepangwa na miaka mingi ya watu kukwama na wageni ndani ya gari, na kila kilichowaangusha kiliondolewa.

Sisemi kila mtu anunue gari la namna hiyo. Mtu ana familia, anataka gari la kumpeleka kazini Jumatatu, ibadani Jumapili, na siku akipata nafasi awapeleke watoto Momella wakaone heroe. Prado, Land Cruiser V8, Lexus, Range, Discovery, yote hayo yalizaliwa na uwezo. Discovery 3 ilipotoka mwaka 2004 ilikuja na kile kitufe cha kuchagua tope, mchanga au miamba, na ikijiinua tumbo lake linafika milimita 240 kutoka ardhini. Gari la namna hiyo mtu halinunui kwa maringo peke yake. Shida ni umri wake, na maisha liliyoishi kabla hujalijua.

Na umri huo tunaufahamu unatoka wapi. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000. VAT asilimia 18. Gari likizidi miaka 10 inaongezeka asilimia 30 ya uchakavu. Hata hivyo la zamani bado ndilo tunalolimudu, kwa kuwa bei yake ya kununulia iko chini, basi tunalipa ushuru, tunalipa wakala wa bandari, tunalipa usajili, na gari linapofika Arusha mfuko umekauka. Kile kidogo kilichobaki ndicho kinachokwenda kwenye keria na taa. Hapo ndipo ninaposonya! Kama huwezi kutenga fedha ya kuliandaa gari kabla hujaliagiza, agiza lililo dogo zaidi. Prado ya 2.7 iliyokaguliwa vizuri itamfikisha mtu Engare Sero, kule Natron, siku ambayo Vogue ya V8 imelala kwa fundi.

Fedha ya kwanza ni ya matairi. Range Sport ya yule kaka inavaa 275/40 ya rimu 20. Fanya hesabu: asilimia 40 ya 275 ni milimita 110, huo ndio ubavu wote ulio kati ya rimu na jiwe. Prado kwenye 265/65 ya rimu 17 ina milimita 172. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Natron una zaidi ya kilomita 100 za mawe makali, makorongo, na majivu ya Ol Doinyo Lengai, ambao ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007 hadi 2008. Ubavu mfupi unabanwa kati ya jiwe na rimu, unachanika, na tairi lililochanika ubavuni fundi pancha hana la kulifanyia. Kisha utamkuta nani Engaruka mwenye tairi la 275/40? Huko wanauza yale ya rimu 16, kwa sababu ndiyo magari yao.

Kwa hiyo shusha rimu. Lakini usikimbilie kununua, maana breki ndizo zinazoamua. Discovery 3 ya dizeli inakubali rimu ya 18 bila ugomvi. Discovery 4 ya lita 3.0 ina breki kubwa zaidi, inataka 19. V8 ya Toyota inavaa hata 17. Azima rimu ya mtu, ijaribu mbele na nyuma, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ndipo ulipe. Na ukinunua matairi, soma zile tarakimu nne ubavuni: 1216 maana yake lilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2016. Tairi lililokuja na gari kutoka Japani linaweza kuwa na meno yote na bado mpira wake umekufa. Tairi la kipara kila mtu analiona; lililozeeka halionekani hadi lipasuke.

Upepo nao! Watu wanajaza psi 35 na kuondoka nao hadi porini, gari linadunda kwenye mawimbi ya changarawe hadi meno yanagongana, kisha wanalaumu barabara. Madereva wanaojua wanashusha. Kwenye mawe na mawimbi teremka hadi kama 25, kwenye mchanga mzito na majivu 18 au 20, na mwendo upungue kwa kiasi hicho hicho. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla hujakanyaga mafuta, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka na kupasuka. Kwa hiyo geji na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri vinunuliwe kabla ya taa.

Halafu kuna nati ya kufuli. Magari haya ya kifahari mengi yana nati moja kwa kila tairi inayofunguka kwa soketi yake maalumu. Soketi hiyo ikibaki Yokohama au Birmingham, wewe huna spea, hata kama spea unaiona. Itafute leo. Usipoiona, mpelekee fundi gari azitoe nati hizo na kuweka za kawaida. Kwenye Discovery spea iko chini, nyuma, imening'inizwa kwa kebo, na kebo ile ikishashiba tope inagoma kushuka. Ishushe hapa mjini, isafishe, ipake grisi. Fanya hivyo ukiwa na jeki ya gari lenyewe na ubao wa kuiwekea chini, ujifunze mahali jeki inapoingia. Nimewaona watu wazima wakizunguka gari la mamilioni kule Ngare Nanyuki na jeki mkononi, hawajui pa kuiweka.

Sasa springi za upepo, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndizo zinazowalaza watu porini. Range, Discovery na baadhi ya magari ya Kijerumani hayajasimama juu ya chuma. Yamesimama juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa. Mpira huo una umri kama wa gari. Ukianza kupasuka nyufa ndogo, hewa inavuja polepole, kompresa inafanya kazi mchana kutwa kufidia, nayo mwisho inaungua. Wewe unaendesha mjini huoni kitu, kwa sababu kompresa inakufichia. Siku ikifa, gari linalala chini kabisa, na hiyo siku haiji ukiwa mbele ya gereji. Inakuja ukiwa katikati ya mawe, gari limeketi juu ya raba, kila jiwe linagonga tumbo.

Kupima hakuhitaji mashine. Jioni liinue gari hadi mwisho, lizime, pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kona zote nne. Asubuhi kabla hujaliwasha pima tena. Kona iliyoshuka ndiyo inayovuja. Chukua maji ya sabuni, pakaza kwenye mfuko na kwenye maungio ya mirija, povu litakuonyesha. Kisha badilisha kwa jozi, kulia na kushoto, na kama kompresa ina kelele ya kukwaruza, nayo iende.

Naona mzee wangu hapo anatikisa kichwa, anasema zitupwe, zifungwe za chuma. Najua wengi wamefanya, na sikatai kwamba springi ya chuma haivuji. Lakini ukishafanya hivyo umeuza kile ulichokilipia: gari halijiinui tena, na kompyuta isipoelezwa vizuri inapiga kelele kila siku. Mimi ningezitengeneza, halafu nichukue ile mashine ndogo ya kusoma kosa inayochomekwa chini ya usukani. Bei yake si kubwa. Magari haya yanapunguza nguvu yenyewe yakihisi hitilafu, wakati mwingine ni waya tu umelegea, na kule Engare Sero huna fundi umeme wa kumpigia simu. Anayeweza kusoma kosa anaamua aendelee au arudi. Asiyeweza anakaa juani na wanawe.

Chini ya gari, mengine nitayapitia haraka. Magari ya Uingereza na ya kaskazini mwa Japani yametembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, hivyo kutu inaanzia kwenye chesisi na kwenye mirija ya breki. Lipandishe, gonga kwa nyundo ndogo, usiridhike na rangi nyeusi iliyopulizwa juzi. Bushi, boljointi, linki za stebilaiza, vyote vitikiswe. Oili ya giaboksi, ya difu na ya ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu ibadilishwe yote, hata kama kitabu kinasema inadumu maisha ya gari, kwani hujui maisha hayo yamebaki kiasi gani. Discovery ya dizeli 2.7 ina mkanda wa taimingi ambao kiwanda kiliupa miaka 7 au maili 105,000. Kama aliyekuuzia hana karatasi ya kuonyesha lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Na filta ya hewa ikaguliwe kila safari, maana vumbi letu ni jivu la volkano, laini kuliko unga, na Mlima Meru wenyewe ulitema jivu mara ya mwisho mwaka 1910.

Mtu mwingine ana gari ambalo halina kabisa gia nzito ya 4L na hajui. Harrier haina. BMW X5 haina. Ni magari mazuri ya barabara, yaende Moshi na Karatu kwa amani. Prado na V8 zinayo, lakini kule Japani inawezekana haikuguswa hata mara moja, na mota inayoihamisha imeganda kwa kukaa. Nenda Ngaramtoni kwenye njia ya udongo, si kwenye lami, weka N, ingiza 4L, tembea mita chache mbele na nyuma, funga difu ya katikati, itoe. Rudia kila mwezi. Ikigoma, umejua ukiwa dakika chache kutoka kwa fundi.

Ndiyo, mkonga. Nimesema utafungwa baadaye, sijasema haufai. Faida yake kubwa kwetu ni vumbi, unavuta hewa ya juu wakati gari lililo mbele limefunika njia yote. Lakini kama maungio yake hayakuzibwa sawasawa hadi kwenye boksi la filta, ni bomba la mapambo. Na mkonga unalinda injini peke yake. Difu ina tundu la kupumulia, na difu iliyochemka ikizamishwa kwenye maji baridi inavuta maji ndani. Mrija wa tundu hilo unapaswa kupandishwa juu. Nyaya na kompyuta nazo haziogelei.

Watengenezaji wa Discovery 3 waliandika kwamba inavuka maji ya milimita 700. Hayo ni maji yaliyotulia. Korongo letu likishuka kutoka Meru wakati wa masika halitulii. Linabeba mawe na magogo, na njia uliyoipita asubuhi jioni haipo. Aprili 2024, hapa hapa jijini, kule Muriet, gari la kubeba wanafunzi lilisombwa na maji, tukazika watoto. Tangu hapo mtu akinionyesha mkonga wake na kuniambia sasa anavuka popote, moyo unanipasuka. Shuka kwenye gari. Kama huwezi kuyavuka maji kwa miguu, usiyavuke kwa gari. Subiri. Mvua ikikatika huko juu, korongo linapungua baada ya saa chache.

Vifaa vya kujinasua ni vichache. Koleo au jembe. Mkanda mzuri wa kuvutia na shakeli zilizoandikwa uzito. Mbao mbili au mikeka ya kuweka chini ya matairi. Maji ya kunywa ya kutosha watu wote kwa siku moja zaidi ya safari. Kabla ya kuondoka tafuta kwenye gari lako jicho halisi la kuvutia, kwenye Discovery limefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki mbele, nyuma lipo chini. Mfyuu, nawakumbuka wanaofunga mnyororo kwenye bampa au kwenye mpira wa kuvutia trela! Trekta linavuta, chuma kinakatika, kinaruka kwa kasi inayoweza kuua mtu aliyesimama pembeni anatazama. Wanaosimama kutazama huwa ni watoto wa kijiji. Wote wasogezwe mbali kabla ya kuvuta, na waliokuja kukusaidia na majembe walipwe bila kubishana.

Vilevile, njia hizi ni za watu. Kuzunguka Meru yote kuna mifereji inayopeleka maji kwenye migomba na kahawa, na kule Ngare Nanyuki ni nyanya. Mtu anakanyaga ukingo wa mfereji kwa gari la tani mbili na nusu ili apate picha, maji yanamwagika, na mama aliyesubiri zamu yake ya maji amekosa. Ndani ya hifadhi kutoka nje ya barabara ni kosa, na ni haki iwe kosa, kwa sababu alama ya tairi kwenye udongo uliolowa inabaki kwa misimu. Huna haja ya kuchana majani ili ujue gari lako lina nguvu.

Kwa hiyo safari ya kwanza isiwe Natron. Iwe Usa River, Ngurdoto, Momella, mpaka Ngare Nanyuki, kiangazi, pamoja na gari lingine, ikiwezekana na mmoja wa madereva hawa wa utalii akiwa likizo kiti cha kushoto. Mlipe kama unavyomlipa fundi. Ukishaielewa hiyo, lipia hifadhi uombe kupanda njia ya Miriakamba kwenye Mlima Meru, polepole kwa gia nzito, na ushuke bila kuchoma breki. Gari litakuambia kila kilicholegea.

Na ukirudi mjini usikimbilie kuliosha, ingawa najua litakuwa limechafuka na jirani anatazama. Lipeleke kwanza kwa fundi likiwa na vumbi lake, lipandishwe. Oili inayovuja inaonekana vizuri kwenye vumbi, doa jeusi lenye unyevu, mahali pale pale panapovuja. Fundi atie alama kwa chaki, akaze nati, aangalie raba za springi, na hapo ndipo umpe maji na sabuni.